Hamsini na Tatu ya Kijapani

Ubao ule niliuandika mimi. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimelisimulia jambo hili kama kosa la bosi wangu, au la Wajapani na kalenda yao, na kila nikilisimulia hivyo watu hunionea huruma. Sistahili. Mkono ulioshika brashi ulikuwa wangu, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo yote yalikuwa ruksa, na kila aliyejaliwa kuwa na ndugu mwenye pesa alikuwa anaingiza kitu kutoka nje. Kwetu ilikuwa magari yaliyotumika kutoka Japani. Yadi niliyofanyia kazi ilikuwa Kinondoni, kiwanja kilichozungushiwa mabati, magari kumi au kumi na mawili yamepangwa uso kwa barabara, na ofisi yetu ni kontena lililotobolewa dirisha. Jua likipanda, mle ndani unaweza kuoka mkate. Nilikuwa karani: naandika risiti, nachemsha chai, na nasoma karatasi za magari.

Karatasi hizo ndizo zilizokuwa na kazi. Kila gari lilishuka melini na cheti chake, kimeandikwa Kijapani juu mpaka chini, na kitu pekee ambacho mtu wa Dar angeweza kukisoma ni tarakimu. Mteja akitaka kujua gari la mwaka gani, tarakimu ilikuwepo, lakini ilisema 53, au 49, na hakuna aliyeamini kwamba anauziwa gari la mwaka 1953. Sababu ni kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Mfalme akikalia kiti unakuwa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka afe, halafu mwanawe anaanza tena na moja. Enzi ya mfalme mzee iliitwa Showa, ya mwanawe ikaitwa Heisei. Nilijifunza kuzitofautisha kwa macho tu: Showa ina kialama chenye dirisha dogo la vioo viwili upande wa kushoto, Heisei haina dirisha.

Hesabu yenyewe nilipewa na bosi. Alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, mimi niko juu ya stuli na kopo la rangi nyeupe, ubao umepakwa rangi nyeusi.

"Andika, sista. Showa arobaini na tano, themanini. Arobaini na sita, themanini na moja. Shuka hivyohivyo mpaka hamsini na nne, themanini na tisa. Hapo mfalme wao akafa. Chini yake weka Heisei moja."

Kifo cha mfalme wa Japani tulikisikia sote redioni, na kweli ilikuwa mwaka themanini na tisa. Kwa hiyo ubao ulikuwa na ushahidi wake. Mteja akiusoma mpaka chini aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na jambo analolijua. "Hapa hamna ujanja," nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "hesabu iko ukutani." Wengine walikuja kunakili tu, hawanunui, wakaenda kuutumia kwingine. Mafundi nao wakanakili. Niliona fahari, sitaficha. Nilijiona mwalimu.

Siku niliyougundua ukweli haikuwa na mbwembwe zozote. Mvua za masika zilikuwa zimeingiza maji kwenye gari moja, bosi akaniambia nitoe mazulia nianike. Chini ya zulia la dereva kulikuwa na gazeti la huko kwao, limekunjwa mara mbili, limekauka mpaka limekuwa gumu. Nikalifunua kwa kutaka kuona picha. Kulikuwa na mwanamke anacheka na mashine ya kufulia. Juu kabisa pembeni palikuwa na kile kialama chenye dirisha, kikifuatwa na 53, na hapohapo kando yake, ndani ya mabano, 1978.

Nilikaa kwenye kiti cha dereva, miguu nje, nikatoa hamsini na tatu kwenye sabini na nane. Ikabaki ishirini na tano. Ubao wangu ulisema hamsini na tatu ni themanini na nane. Miaka kumi ilikuwa imeongezwa mle kama maji kwenye maziwa. Mfalme yule hakufa mwaka wa hamsini na nne wa enzi yake. Alifika sitini na nne.

Nikampelekea bosi lile gazeti. Aliliangalia, akacheka, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonishinda nguvu.

"Sista, mwamba ngoma huvutia kwake. Mteja anaangalia ukuta anafurahi. Unataka mie nimhuzunishe?"

"Lakini bosi, ni uongo."

"Ishu ni kwamba gari linatembea au halitembei. Linatembea?"

"Linatembea."

"Basi." Akachukua gazeti, akafungua boneti ya gari lililokuwa karibu, akafutia nalo kijiti cha kupimia oili. "Roho ikikuuma sana, geti hili halina komeo."

Nilirudi kontenani nikaandika risiti ya mteja aliyekuwa anasubiri. Aliniuliza gari lake la mwaka gani, nikamwonyesha ukutani kwa kidole. Sikusema neno, ili baadaye niweze kujiambia kwamba sikusema uongo. Binadamu ana akili nyingi sana akitaka kujidanganya.

Nyumbani Temeke mshahara wangu ndio uliokuwa ukiingia. Baba yangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, yeye na mamia ya wenzake, na mafao yao yalikuwa hadithi ya kila mwezi: yako njiani, yako wizarani, yako benki. Mama alikaanga vitumbua asubuhi, na vitumbua havilipi kodi ya nyumba.

Baba alikuwa karani wa mahudhurio. Alikaa kwenye kibanda cha getini na saa kubwa, akaandika kila mfanyakazi ameingia dakika gani. Miaka ishirini na zaidi. Watu walimwogopa na kumtania kwa pamoja, wakisema mzee huyu hata malaika wa mauti akichelewa atamwandika. Mimi alinifundisha kujumlisha kwa vizibo vya soda, jamvini, kabla sijaanza shule. Nikikosea hakunipiga. Alivikusanya vizibo vyote, akavimwaga upya, akasema, "Hesabu haina haraka, mama. Anza tena."

Miezi minne baada ya lile gazeti, baba akaja yadini. Alivaa kaunda suti yake ya kijivu, iliyonyooshwa, na kwapani alikuwa na daftari lenye jalada gumu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Endelea na kazi yako, mie nimekuja kusoma ubao."

Alikuwa na mpango. Mafao yakitoka atanunua pikapu, awe anabeba nyama kutoka machinjioni Vingunguti kila asubuhi kuwapelekea wenye bucha wa Temeke. Alishazungumza na watatu, wamekubali. Lakini wauza magari hakuwaamini hata kidogo. Alitaka aende na hesabu yake mwenyewe mkononi, asidanganywe. Akasimama mbele ya ubao wangu, akapiga mistari kwa rula, akanakili yote, mstari kwa mstari, na mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake nikimwangalia mgongo.

"Mwandiko mzuri," alimwambia bosi. "Nilimfundisha mwenyewe."

"Umezaa, mzee," bosi akasema, akaniangalia mimi.

Nikaapa kimoyomoyo kwamba nitamwambia tukifika nyumbani.

Jioni ile tulikula ugali kwa dagaa, na baba akarudia kisa chake cha meneja. Tulikuwa tunakijua sote. Siku moja meneja alimtaka airudishe saa ya getini nyuma kwa dakika kumi, kwa sababu ya mpwa wake anayechelewa, naye akakataa, akahamishiwa ghalani mwaka mzima kuhesabu majora. "Dakika kumi!" alisema, akicheka, akinyoosha vidole vyote. "Nikamwambia, bwana mkubwa, mie nikirudisha saa hii, kesho nitarudisha nini?"

Mimi nilikuwa nimesogeza miaka kumi. Kumwambia kuhusu ubao ilikuwa lazima nimwambie pia kwamba ninajua tangu masika, na kwamba tangu masika nimeandika risiti baada ya risiti. Angesema acha kazi kesho. Angekwenda kwa bosi na daftari lake. Nikajiambia hundi ya mafao haijatoka, haraka ya nini, nitamwambia itakapotoka. Nikamwambia jambo moja tu: asinunue kwetu, bei zetu ni kali. Nikajiona shujaa kwa hilo. Nikalala usingizi mzuri, nakumbuka.

Hundi ilitoka na hakuniambia. Alitaka kunishtukiza. Jumamosi moja, saa kumi alasiri, nikasikia honi mlangoni, na kutoka nje nikaona pikapu ya buluu, na baba yangu ndani yake akiwa amekaa wima kama yuko kibandani. Majirani walishajaa. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa kanga.

Baba alinivuta kando, nyuma ya nyumba, penye kamba za nguo. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, mabega yote yanatikisika, mpaka ilibidi ashike nguzo.

"Mama, nisikilize. Nimekwenda kwa mzee mmoja kule Chang'ombe, mtu mpole, ana gari tatu tu. Nikamuuliza hii ya mwaka gani? Anasema, sikufichi ndugu yangu, ni ya sabini na nane, imechoka kidogo. Nikamwambia nione cheti. Naangalia, kialama kina dirisha, hamsini na tatu! Nikageuka pembeni nikafungua daftari. Themanini na nane!"

"Baba…"

"Ngoja. Nikamchokoza kidogo. Nikasema mbona enzi hiyo iliishia hamsini na nne? Anasema hapana, ilifika sitini na nne, unaongeza ishirini na tano. Maskini, hajui hata mfalme alikufa lini! Mie nikanyamaza, moyo unanidunda. Nikalipa bei ya sabini na nane kabla hajashtuka."

Kisha cheko likamwisha, akakuna kidevu, akasema kwa sauti ndogo, "Nimemdhulumu kidogo. Mungu atanisamehe. Maisha yangu yote sijawahi kumzidi mtu ujanja."

Nilikuwa na nafasi. Tulikuwa wawili, kwenye kivuli cha mashuka. Ningesema, baba, yule mzee amekwambia kweli tupu, rudisha gari leo leo. Mzee wa Chang'ombe angelipokea, mtu wa namna ile. Badala yake nikasema, "Hongera, baba." Hilo ndilo neno lililotoka.

Pikapu za namna ile sura yake haikubadilika kwa miaka mingi, ya zamani na ya karibuni zimefanana kama pacha ukiziangalia kwa nje. Ndani ndiko zilikotofautiana, na ndani ndiko zilikoharibika. Miezi miwili ya kwanza ilikwenda, nyama ikafika kwa wakati, baba akaandika katika daftari lake dakika ya kutoka Vingunguti na dakika ya kufika kila bucha. Halafu klachi ikaanza kuteleza. Baba akaenda kwenye maduka ya vipuri, akasema ni ya themanini na nane, akapewa ya themanini na nane. Haikuingia. Akarudi nayo, muuzaji akasema kifaa kilichoguswa oili hakirudi. Akanunua cha duka lingine, akitaja mwaka uleule. Hakikuingia. Pampu ya breki ikafuata, ikawa vilevile. Alidhani wauza vipuri ni wezi. Aliwagombeza mmoja mmoja, yeye asiyegombana, na wale wakamwona mzee mkorofi, wakaanza kumkwepa.

Mie nilijua kila mara. Kila kifaa alicholeta nyumbani kwenye gazeti nilijua hakitaingia kabla hajakifungua.

Asubuhi moja gari lilizimika karibu na Tazara na mzigo wa bucha zote tatu nyuma. Hakukuwa na turubai la maana. Mpaka anapata wa kumvuta, jua lilishafika utosini, na nzi walishapata habari. Wenye bucha waliikataa nyama ile, na hawakukosea. Walimwambia kwa adabu, pole mzee, ajali kazini, na kesho yake wakachukua gari la mtu mwingine. Baba aliosha ile bodi ya nyuma peke yake, kwa ndoo na ufagio. Hakutaka tumsaidie.

Fundi alikuwa kijana wa Kusini, mtulivu, anafanya kazi chini ya gari kwa saa nzima bila kuongea. Siku ile alitoka chini akajifuta mikono polepole.

"Mzee, usinielewe vibaya. Hii gari si ya themanini na nane. Hii ya sabini na nane. Tukitafuta vya sabini na nane, vinaweza kupatikana, ingawa kwa shida."

"Kijana, wewe umesoma cheti?"

"Sijasoma, mzee. Nimesoma injini."

"Basi subiri." Baba akaniita. Nilikuwa nafua. Nikaja na povu mikononi. "Huyu binti yangu ndiye aliyeandika ubao wa Kinondoni, ule mnaonakili nyote. Mama, mwambie. Hamsini na tatu ya Kijapani ni mwaka gani?"

Wakati huo hata kazi sikuwa nayo. Bosi alishauza gari la mwisho, akahama usiku hatujui wapi, na ubao wangu mtu aliung'oa akatengenezea mlango wa banda la kuku. Sikuwa na mshahara wa kuulinda wala bosi wa kumwogopa. Nilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa na faida: vya sabini na nane vinaweza kupatikana, fundi amesema. Gari lingeweza kutembea.

Lakini baba alikuwa ananiangalia. Uso wake haukuwa na wasiwasi hata chembe. Ulikuwa uso wa mtu aliyemwita shahidi anayemjua. Nikawaza kwamba nikisema sabini na nane, atapoteza gari alilodhani analo, na ile siku aliyocheka nyuma ya nyumba, na mimi, vyote kwa neno moja. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye povu mikononi, na nilimwogopa baba ambaye hajawahi kunipiga.

"Themanini na nane," nikasema.

"Umesikia?" baba akamwambia fundi.

Fundi aliniangalia. Alijua, na alijua kwamba najua. "Sawa, dada," akasema, akakusanya spana zake, na hakurudi tena.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kupita. Pikapu ilisimama ubavuni mwa nyumba miaka minne. Kwanza matairi yaliuzwa, ikawekwa juu ya mawe. Halafu viti. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva mpaka kilipouzwa nacho, wakahamia chini. Baba alikaa pale upenuni na daftari lake, na mtu akipita akauliza, alisema, "Gari ni zima, la themanini na nane, tatizo ni nchi hii haina vipuri vya kweli." Alikonda. Kifua kilianza kumsumbua, akawa anapumua kwa kusikika.

Tulipohitaji kumpeleka hospitali, mama ndiye aliyemwita mnunuzi wa skrepa. Alikuja mtu wa makamo na mkokoteni, mizani na wenzake wawili wenye sululu na misumeno. Walikata bodi ile mbele ya baba aliyekaa kitini na shuka mabegani. Kazi ilipokwisha, yule mtu akatoa kitabu chake cha risiti.

"Andika mwaka," baba akasema.

"Mzee wangu, mie nanunua kwa kilo. Chuma hakina mwaka."

"Andika pikapu moja, buluu, mwaka themanini na nane. Kama huamini muulize binti yangu, yeye alikuwa kazini huko."

Yule mtu akaniangalia. Vipande vya gari vilikuwa vimelala mchangani kati yetu, vyenye kutu, na mtoto mdogo angeweza kuona kwamba si vya themanini na nane. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaandika alivyoambiwa, kwa huruma, akachana karatasi, akampa baba kwa mikono miwili.

Baba aliisoma kwa makini kama alivyosoma kila kitu. Akaikunja, akaiweka katika daftari kwenye ukurasa aliounakili siku ile kwa rula, akanikabidhi daftari.

"Litunze hili, mama," akasema. "Nikiondoka watu watakuja kubisha."

Ninalo. Alizikwa mwaka uliofuata, na mpaka leo hajaja mtu kubisha.